Rangi ya Siwema

Tulimzika Athumani Mkumba siku ya Ijumaa. Nasema tulimzika, ingawa wanaume ndio waliokwenda makaburini na sisi wanawake tulibaki nyumbani kwake pale Ikwiriri, tumebanana kwenye mikeka katika chumba cha nyuma, na harufu ya ubani imechanganyika na ya pilau. Nilikaa mgongo ukutani, magoti yakiniuma, nikawasikiliza wenyeji wakimsifu marehemu. Mmoja alisema alikuwa mtu wa subira. Mwingine akasema katika ujirani wao wa miaka yote hiyo hajawahi kumwona akikimbilia jambo. Hata chai aliiacha ipoe kwanza ndipo aishike. Dada yake, aliyekuwa akitugawia sahani, akaitikia, "Kaka yangu alikuwa hivyo tangu tuko wadogo, hana pupa." Wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, cha kujifunika na upindo wa kanga. Mimi nilimeza tonge langu nikaomba maji. Hakuna aliyenifahamu mle ndani. Aliyekaa karibu yangu aliniuliza nimemjua wapi marehemu, nikamjibu kwamba zamani alinipiga picha. Hakunipiga picha hata mara moja. Lakini ningemwambia nini mtu aliyefiwa na jirani yake?

Habari za kwetu na za kusoma kwangu naziacha. Mwaka ninaotaka kuueleza naujua kwa chumba kimoja, stoo ya dawa ya zahanati ya kisiwa kimoja upande wa Mbwera. Jina la kisiwa naliacha pia, maana waliobaki pale hawana kosa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nesi mpya, na nilikuwa peke yangu. Zahanati ilikuwa nyumba ya bati yenye vyumba vitatu: kimoja cha wagonjwa, kimoja changu, na hiyo stoo, isiyo na dirisha, yenye mlango mzito na rafu nne za mbao. Kasha la dawa lilikuja kwa mashua likichelewa, na likifika halimalizi wiki mbili. Vidonge vya kuongeza damu ndivyo vilivyotangulia kwisha. Baada ya hapo rafu zilikaa tupu, na mimi nikaanikia vitunguu vyangu. Nayo ilikuwa miaka ile ambayo biashara ilifunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu sasa yalikuwa na sabuni za manukato, redio, mitumba ya Ulaya, krimu za kila namna. Wanunuzi wa kamba walikuja na barafu kutoka Dar es Salaam na kusomba kamba wote, hata sisi tulioishi juu ya maji yenyewe tukabaki kula vichwa. Kila kukicha kilikuja kitu kipya kisiwani. Dawa ndizo zilizokuwa haziji.

Jirani yangu alikuwa Siwema. Tulilingana umri. Mumewe, Hamisi, alikuwa mvuvi, na msimu ukifika alihamia dago, kambi za wavuvi za kule mwambao wa nje, akakaa huko wiki nne, wiki sita. Mama yake Siwema, Bi Somoe, aliishi ng'ambo ya mkono wa mto, na mpunga ulipoanza kuiva alihamia kwenye dungu lake, kibanda cha juu ya nguzo shambani, kuwinga ndege. Basi Siwema na mimi tulikula pamoja. Yeye alipika, mimi nilileta mafuta na sukari. Tulikaa kwenye mkeka nyuma ya jiko lake, binti yake Pili katikati yetu, tukala bada, ule ugali wa muhogo, na samaki mkavu, au wali na hivyo vichwa vya kamba alivyovipika kwa tui mpaka mchuzi ukawa mwekundu. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa akitafuna udongo wa kichuguu, anauweka kwenye pindo la kanga kama mtu anavyoweka karanga, na mimi nilimtania kwamba atazaa mchwa. Akichota maji alisimama njiani mara mbili tatu. Nikimuuliza alisema, "Namngoja huyu ageuke." Tulicheka. Nilikuwa nimesomea mambo hayo darasani: udongo, kuhema, kusimama njiani. Nilijibu mtihani nikapasi. Lakini yule nilimwona kila siku, asubuhi na jioni, na mtu unayemwona kila siku unaacha kumtazama. Hilo silisemi kujitetea.

Athumani Mkumba alikuja na boti ya injini kutoka Nyamisati, yeye na mwendesha boti, na sanduku la mbao alilolipakata mwenyewe. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa amefanya kazi ya picha ofisi ya serikali Dar es Salaam hadi wafanyakazi walipopunguzwa, naye akapunguzwa. Sasa mfanyabiashara mmoja aliyeagiza vitu kutoka nje alimtaka amtengenezee kalenda ya rangi ya kugawia wateja, picha kumi na mbili za nchi. Ndiyo maana alikuja na kamera ile. Sikuwahi kuona nyingine kama hiyo. Ilikuwa ya mbao na shaba, mbele ina lenzi, nyuma ina kioo chenye ukungu, na katikati ina mfuko mweusi wenye mikunjo kama wa kinanda cha mkono. Haikuingia filamu ya kuviringisha. Iliingia kipande kimoja kimoja cha filamu, kikubwa kama kiganja kilichokunjuliwa, na kila kipande kilipakiwa kwenye kibao chembamba, gizani kabisa.

"Sista," aliniambia baada ya kusalimiana, "nimeambiwa hapa kuna chumba kisicho na dirisha."

"Ni stoo ya dawa."

Nilimfungulia. Alisimama mlangoni akatazama rafu na vitunguu. "Dawa zenyewe ziko wapi?"

"Ukizikuta huko mjini, zisalimie."

Hakucheka. Aliufunga mlango, akakaa ndani dakika nzima, kisha akatoka na kusema, "Giza lake zuri." Ndiyo ikawa stoo yake. Na maboksi ya filamu, yaliyokuwa hayapendi joto, akaniomba niyaweke kwenye friji ya mafuta ya taa pamoja na chanjo za surua. Nikakubali. Nilikuwa na hamu ya mtu wa kuzungumza naye habari zisizo za homa.

Siku ya tatu alinifunika kile kitambaa chake cheusi. Alikuwa ameisimamisha kamera kwenye ukingo wa matope, inaelekea mikoko. "Ingia," alisema, "ukae. Usitafute kitu. Jicho la mtu lina tabia ya kupita tu, kama mtu anayekwenda sokoni. Hapo ndani huna pa kwenda." Niliingia. Kulikuwa na joto na harufu ya nondo na ya jasho lake. Mwanzoni niliona weupe tu. Kisha kioo kikajaa. Mikoko ilikuwa inaning'inia kutoka juu, mizizi hewani, maji ndiyo mbingu, na rangi zake zilikuwa kali kuliko zile za nje, sijui kwa nini. Labda kwa sababu pembeni yote ilikuwa giza. Nilikaa mpaka mgongo ukauma. Niliona kaa watatu niliokuwa nimewapita kila siku. Niliona kwamba tope lina rangi ya zambarau. Nilipotoka macho yalinitoka machozi kwa jua, naye akaniuliza nimeona nini, nikamweleza, akasikiliza kila neno kama mtu anayesomewa barua.

Tangu siku hiyo, nikimaliza wagonjwa, nilimfuata. Asubuhi moja niliweza kuona watu arobaini, nikawashika paji la uso na kuwaandikia, wengi wao nikawaambia hakuna dawa kabla hawajakaa vizuri kwenye benchi. Mchana nilikaa saa mbili kutazama mtumbwi mmoja uliofungwa. Alipiga picha moja kwa siku, siku nyingine asipige. Alikuwa anangoja upepo utulie, maji yajae, kivuli kisogee hatua mbili. Sikuwa nampenda kwa mapenzi ya mwanamke na mwanamume, naomba hilo lieleweke. Nilipenda ule ukimya chini ya kitambaa. Leo nikisema kwamba hizo ndizo zilizokuwa saa bora za ujana wangu, nasema kweli, na ninaona aibu.

Jumanne ya wiki ya pili aliomba kumpiga picha Siwema. Alitaka mwanamke wa delta kwa mwezi mmoja wa kalenda yake. Siwema alikataa, akakubali, akaenda kuvaa kanga mpya nyekundu aliyoletewa na Hamisi. Mkumba alimkalisha kwenye kigoda ukingoni mwa kivuli, mikono magotini, viganja juu. Pili ilibidi aondolewe kwa sababu hakuweza kutulia, akalia nyuma ya jiko muda wote. Mkumba alihangaika na kamera karibu saa nzima, kisha miwani yake ikajaa jasho.

"Sista, hebu nitazamie wewe. Uhakikishe macho yake yako wazi kabisa kwenye kioo."

Aliniachia lenzi yake ndogo ya kukuzia. Niliingia chini ya kitambaa, nikaiweka kwenye kioo, juu ya macho ya Siwema. Alikuwa kichwa chini, ametulia, ananitazama bila kujua ninapomtazamia. Macho yalikuwa wazi. Nikasogeza lenzi hadi midomoni. Nikasogeza hadi kwenye viganja, nikarudi midomoni. Ile kanga nyekundu ilizunguka kila kitu, na katikati ya wekundu ule midomo yake haikuwa na rangi. Viganja vyake vilikuwa na rangi ya mkeka mpya. Nilitazama shingo. Mshipa wa shingoni ulikuwa unaruka, mtu amekaa tu kwenye kigoda. Sijui nilikaa mle muda gani. Nilikuwa nimekula na mtu huyu mwezi mzima.

Nilitoka. Nikasema kwa sauti ya chini, "Bwana Mkumba, huyu hana damu."

Alichungulia juu ya miwani. "Ni kivuli cha miti hicho. Ukijani unakula wekundu. Nimeona mara nyingi. Kwenye filamu atatoka sawasawa." Akaingiza kibao, akavuta kifuniko, akamwambia Siwema asipumue, akahesabu sekunde moja.

Baadaye nilimwita Siwema mlangoni kwangu nikamvuta chini kope la jicho. Ndani kulikuwa kweupe kama nyama ya dafu.

"Wee nawe," alisema, "umeanza uganga?"

"Shoga, inabidi uende bara. Hospitali. Wakuongeze damu."

"Hamisi yuko dago. Nitatokaje kisiwani bila yeye kujua? Na mama yuko shamba, nani atakaa na Pili?" Halafu akaongeza, kama anayenifariji, "Mbona sijalala kitandani. Mgonjwa gani anapika?"

Boti ya injini ilikuwa moja tu kisiwani wiki ile, na ilikuwa ya Mkumba. Nilimwendea. Alinisikiliza vizuri, kama alivyokuwa akisikiliza siku zote. Akasema amebakiwa na picha moja tu, ya mpunga ulioiva, asubuhi, jua likiwa limeupiga kutoka ubavuni. Kesho ataipata, ikichelewa sana kesho kutwa, na hapo tutaondoka wote, yeye, Siwema na mimi. "Akikaa siku mbili itakuwa neno?" aliniuliza.

Swali lile alinielekezea mimi. Nesi nilikuwa mimi. Nilijua jibu, na mdomoni nikasema, "Siku mbili si neno."

Nimejiuliza kwa nini, kwa miaka yote hii. Niliogopa kumgombeza mtu mzima. Niliona labda kweli ni kivuli, ingawa nilikuwa nimeshaona kope. Lakini sababu kubwa ni kwamba nami niliitaka ile picha ya mpunga. Nilikuwa nimeiona kwenye kioo kabla jua halijatoka, na nilitaka niwepo litakapotoka.

Jumatano kulikuwa na mawingu. Tulikaa kwenye tuta la shamba, kamera imesimama, tukala vitumbua vya Siwema, tukarudi. Alhamisi mawingu. Ijumaa mvua nyepesi, ile isiyo na sababu, naye akaifunika kamera kwa nailoni akasema kesho. Jioni hiyo nilimkuta Siwema anapika amekaa, na vifundo vya miguu vimejaa. Alisema anapata usingizi vizuri zaidi akiegemea ukuta. Nilimfuata Mkumba nikamwambia kesho twende, jua litoke lisitoke. Alikubali kwa kichwa. Jumamosi asubuhi anga likawa jeupe nusu, akaniomba tungoje mpaka adhuhuri, na tulipomaliza kungoja maji yalikuwa yameshakupwa, boti imekaa kwenye tope. Jumapili jua lilitoka. Lilikuja kama alivyosema, kutoka ubavuni, na mpunga wote ukawaka, na mimi nilikuwa chini ya kitambaa nikaona. Alipiga vipande viwili. Alifurahi akanishika mkono. Tulirudi kijijini tunacheka. Siwema hakuwa nyuma ya jiko. Alikuwa ndani, ameegemea ukuta, anahema kwa mabega.

Maji yalikuwa yamekupwa tena; tuliondoka Jumatatu yalipojaa. Pili tulimwachia mke wa mwenye duka, naye akatuma mtu dagoni kumwita Hamisi. Hatukumtumia Bi Somoe mtu. Tulijiambia tusimtie hofu. Siwema alikaa katikati ya boti, Mkumba akakunja kile kitambaa cheusi akamwekea mgongoni. Hakulalamika njia nzima. Aliniuliza kama hospitali wanatoa chakula au niende nikampikie. Pale Nyamisati gari lililokuwa tayari kuondoka lilikuwa moja, la wanunuzi wa kamba, lina masanduku ya barafu mpaka juu. Dereva alitutazama, akasema panda, ila hasimami popote maana barafu inayeyuka. Nilikaa na Siwema nyuma, kati ya masanduku, miguu yake mapajani mwangu. Mkumba alibaki gatini na mizigo yake, nafasi haikuwepo. Maji ya baridi yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye masanduku yanatulowesha, na Siwema akaokota kipande cha barafu akakitia mdomoni. Akasema kitamu. Hatujafika Bungu, kabla hata ya barabara kubwa, alinishika kifundo cha mkono, akanitazama kama anayetaka kuniuliza jambo dogo la nyumbani, akaacha kuhema. Nilipiga bodi kwa ngumi mpaka dereva akasimama. Alishuka, akatazama, akavua kofia yake. Hakusema tena habari za barafu. Kile kitambaa cheusi nilikuwa nimekibeba begani. Nilimfunika nacho.

Mazishi yalikuwa kisiwani. Hamisi alifika amechelewa, akakaa kwenye jamvi na wanaume. Bi Somoe alikaa nami ndani, Pili amelala mapajani mwake. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kilianza lini?"

Nikamjibu, "Ghafla, mama. Ilikuwa ghafla."

"Wallahi ni kazi ya Mungu," alisema, akanishukuru kwa kumsindikiza mtoto wake. Alinishukuru mbele ya watu.

Mwisho wa mwaka nilihamishiwa Kibiti. Niliwaambia wakubwa wa kazi kwamba kisiwa kinanichosha, wakanikubalia. Nilifanya kazi kwa namna nyingine sasa. Kila mwanamke aliyekaa mbele yangu nilimtazama, kope, viganja, kucha, shingo, hata foleni ikanung'unika. Niliona mengi. Niliona damu zilizopungua, mioyo iliyochoka, watoto waliokwisha kabla ya kufa. Nilikuwa naona mapema kuliko wenzangu wote, na nilikuwa naandika vizuri kwenye kadi, na dawa zilikuwa hazipo, au zipo kwa mwenye uwezo. Watu husema mtu akijifunza kutokana na kosa lake, kosa limezaa kitu. Langu lilizaa nesi anayejua nani atakufa.

Januari kalenda zilifika. Kila duka Kibiti liligawiwa, na kinyozi, na mwenye bucha, na wakatisha tiketi za basi. Niliipekua dukani kwa Mwarabu wa vitambaa na kwenye mwezi wa tano nikamkuta. Alikuwa wima sasa, kichwa juu. Kila uzi wa ile kanga ulionekana. Filamu ilikuwa imeona nilichokiona mimi, haikupunguza wala haikuongeza. Mwezi wa Machi nilikutana na Mkumba stendi, anangoja gari la Ikwiriri. Tulisimama kama watu wanaodaiana maneno. Alisema alipeleka picha nyingi, wenyewe ndio wakachagua. Kisha akasema, bila mimi kumuuliza, kwamba filamu ziliporudi kutoka kusafishwa aliandika barua kulalamika kuwa rangi ya ile moja imeharibiwa. "Waliniandikia kuwa rangi iko sawa," alisema. Alivua miwani akaipangusa. Gari lake likaja. Hatukuzungumza tena mpaka juzi, nilipokaa nyumbani kwake naye hayupo.

Mwezi wa tano Siwema alienea mji mzima. Niliacha kupita kwa kinyozi, jirani yangu, kumsalimia, nikabadili bucha. Ndipo Bi Somoe akaja Kibiti kwenye harusi ya ndugu yake, akafikia kwangu. Nilimkirimu nilivyoweza. Nilimpikia, nilimwekea maji ya moto, na kila alipotaka kitu cha dukani nilisema nitamletea. Siku ya tatu alisema anataka kuchagua mwenyewe kitambaa cha gauni la Pili, nami nikalazimika kufuatana naye.

Dukani kulikuwa na wasichana wawili wanaangalia makopo ya krimu. Mmoja alionyesha kalenda ukutani. "Mwone huyu dada alivyo na rangi. Sijui anapaka nini."

"Hii hii," alisema muuzaji, akagonga kopo moja kwa kalamu. "Wiki tatu tu unakuwa kama yeye."

Bi Somoe aliinua uso kuangalia wanachoangalia. Aliweka kitambaa mezani, akasogea mpaka ukutani, akasimama. Nilijua kwamba sasa atapiga kelele, na hakupiga.

"Huyu ni mwanangu," alisema.

Muuzaji alitabasamu, akidhani ni masihara ya kibibi. Kisha akaniona usoni. Alipanda juu ya kiti, akaitoa kalenda yote kwenye msumari, akampa kwa mikono miwili. Wale wasichana walitoka.

Nyumbani aliiweka kitandani mwangu, akaketi kando yake. Nilileta chai na mkate wa kumimina, hakugusa. Alitazama kwa muda mrefu, kwa utulivu, kuliko hata sisi tulivyomtazama siku ile. Nje watoto wa mwenye nyumba walikuwa wanacheza rede, wakigombania hesabu. Kisha akaweka kidole kwenye picha, juu ya midomo.

"Mbona midomo yake hivi?"

Nilifunika sahani ya mkate.

"Na viganja. Siwema hakuwa hivi. Hii ilipigwa lini?"

"Jumanne, mama. Ile Jumanne kabla ya..."

"Naye alikufa Jumatatu." Alihesabu kwa vidole, polepole, akianzia kidole kidogo. "Siku sita. Ulikuwepo wakati anapigwa?"

"Nilikuwepo."

"Ulimwona alivyo?"

Ningeweza kusema ni kivuli cha miti. Maneno hayo nilikuwa nayo tayari, ya mtu mwingine, na yangemtosha mtu ambaye hajui. "Nilimwona," nilisema.

"Na boti?"

"Ilikuwepo."

"Basi hizo siku sita mlikuwa mnafanya nini?"

Nikamwambia, "Tulikuwa tunangoja jua, mama."

Alinitazama kana kwamba nimezungumza lugha ya watu wengine. Halafu alielewa, nami nikaona anavyoelewa, uso wote, kuanzia machoni. Hakunitukana. Alisimama, akakunja nguo zake chache akazifunga kwenye kanga, na nilipotaka kumsaidia fundo aliuondoa mkono wangu. Harusi ilikuwa haijaisha. Kalenda ilibaki kitandani. Niliichukua nikamfuata nayo hadi mlangoni, nikamwambia, "Mama, umemsahau."

"Kaa naye wewe, Nesi," alisema. Kabla ya siku hiyo hajawahi kuniita kwa kazi yangu. "Huyo ni wa kwako na mpiga picha wako. Mimi ninaye wangu, ana damu."